Wari Yetu

Kwenye meza ya duka letu, Lindi, nyuma ya soko,
kuna misumari miwili ya shaba.
Kutoka huu hadi ule ni wari moja:
ndivyo tulivyoambiwa, ndivyo tulivyowaambia watu.

Babu, Mfaume Litunu, aliigonga mwenyewe
mwaka aliorudi Nachingwea na mahema.
Wazungu wa karanga walikuwa wamefunga virago,
ardhi imewakatalia,
turubai zinanadiwa kwa bei ya matambara.
Alinunua arobaini na moja, akabaki hana nauli.
Bibi Somoe akazifumua mshono kwa mshono,
akazifua kwa majivu, akazianika uani na barabarani
hadi jirani akauliza ni jeshi gani limehamia.

Walionunua kwanza ni watu wa chumvi, watu wa mkonge,
wenye malori.
Kisha akaja Chinguile, mwandika vibao vya hoteli,
akasimama mlangoni kama mtu anayekuja kuposa.
"Nataka kipande," alisema,
"kisichokunywa rangi yangu yote."

Babu hakujua kwamba kitambaa kina kiu.
Walikesha na sufuria: uji wa muhogo, chokaa,
gundi ya seremala inayonuka kwato.
Daftari ninalo. Mwandiko wa Babu, hauna nukta:
*uji uwe mwepesi ukipasuka punguza chokaa
paka mara mbili usipake siku ya mvua*
Mpaka leo sijapaka siku ya mvua.

Marekani tuliuza pia. Jora moja, kazi mbili:
asubuhi mtu anakatiwa sanda,
jioni mwingine anakatiwa ya kuchorea,
na mkasi haukuulizwa.

Ukaja mwaka wa foleni. Jora moja kwa mwezi, kwa kibali.
Baba aligawa: nusu ya maiti, nusu ya wachoraji.
Watu wakamsema hadi msikitini:
wazima tunatembea na viraka,
wewe nguo unampa mtu aipake rangi!
Hakujibu. Alipunguza kanzu zake, zikabaki mbili,
kisha moja, ya Ijumaa.

Dawa ya deni kulipa, tumeandika ukutani.
Chini yake ipo picha aliyolipia Chinguile
deni la wari kumi na tisa:
mkono wa Bibi umeshika mkasi,
na mkono una vidole sita.
Chinguile aliapa kwamba alikosea kuhesabu.
Bibi aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hukukosea,"
akarudi kwenye mizani ya misumari bila kufafanua.

Mwaka jana nikaleta tepu ya chuma.
Nikapima mara tatu, nikamwita mdogo wangu Mwanaidi apime.
Wari yetu imezidi.
Imezidi kidole kizima.

Baba alikuwa akisema nyundo iliteleza.
Shangazi anasema Babu alipenda sifa.
Mwosha maiti wa mtaa, mzee Nampoto, ana lake:
"Maiti harudi dukani kulalamika, mjukuu wangu.
Babu yako alilalamika kwa niaba yake, mapema."

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Lakini kidole kwa miaka sabini!
Nilikaa na kalamu nikikokotoa hasara,
nikafika kwenye majora, nikaacha.

Meza sasa imeliwa na mchwa.
Fundi ameleta mpya, mninga, inanukia,
akauliza misumari aigonge wapi.
Nikampa kamba niliyopimia ile ya zamani.
Akaipima kwa tepu yake, akanitazama.
"Dada, hii imezidi."
"Najua. Gonga."

Mteja wa kwanza alikuwa binti wa shule, Rahondo,
ana sarafu kwenye kitambaa cha kichwa.
Wari moja, ya kuchorea.
Anachora nini, sikuuliza.
Nikanyoosha, nikachanja pembeni, nikavuta,
kitambaa kikalia ule mlio wake mrefu
unaonyooka wenyewe kwa kufuata uzi.